Spika zangu hazisemi pamoja: nizipange wapi, na nizioanishe vipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Nilinunua saundiba (ile spika ndefu ya kukaa chini ya runinga) yenye sabufa na spika mbili ndogo za nyuma zisizo na waya. Baadaye kaka yangu alirudi kutoka Muscat na spika mbili za Bluetooth, nikaziongeza pembeni kwa kuwa runinga yangu inakubali saundiba na Bluetooth kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo kila neno nalisikia mara mbili, na mtangazaji anafunga mdomo kabla neno halijafika. Mama yangu, ambaye hukaa kwenye kiti chake upande wa kulia, anasema msomaji wa habari yuko mgongoni kwake. Spika zote niliziweka palipokuwa na soketi. Je, kuna namna ya kuzifanya ziseme pamoja? Na ni kweli kwamba siku hizi kuna spika zinazojua zenyewe ziko wapi chumbani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza spika ikae wapi na iseme lini, na huenda unadhani hayo ni maswali mawili. Kwa sauti ni swali moja. Sauti inatembea, na mwendo wake unajulikana: kwenye sebule yenye joto la nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Ukigawanya sekunde moja mafungu elfu, kila fungu ni milisekunde, na kila mita moja ya hewa inakula karibu milisekunde 3. Kwa hiyo spika iliyo mita 3 mbele yako na nyingine iliyo mita 1 nyuma yako zikisema kwa wakati mmoja kabisa, wewe hutazisikia kwa wakati mmoja. Ili zifike pamoja, ile ya karibu lazima isubiri. Na haiwezi kujua isubiri kiasi gani mpaka ijue, au ielezwe, iko umbali gani kutoka ulipoketi.

Nianze na zile spika za kaka, maana hizo ndizo zinazokuharibia sebule, na wala si kwa ubovu wake. Runinga ikituma sauti kwa Bluetooth ya kawaida, kwanza huibana iwe ndogo, kisha huikata vipande na kuvirusha hewani. Spika nayo huvipokea, huweka akiba kidogo ili kipande kikipotea kiweze kuombwa tena, halafu ndipo huifungua sauti na kuipiga. Kazi yote hiyo, kwa spika nyingi, huchukua milisekunde 150 hadi 250. Unaposikiliza muziki kutoka kwenye simu huoni tatizo lolote, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kulinganisha. Lakini ukiiweka kando ya saundiba inayopokea sauti kwa kebo ya HDMI, ni kama umeichukua spika ile ukaipeleka mita 70 kutoka sebuleni, nyumba kadhaa mbele, ikawa inakupigia kelele kutoka huko. Hesabu ni hiyo tu: milisekunde 200 mara mita 349 kwa sekunde.

Mjerumani Helmut Haas aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen mwaka 1949 juu ya jambo hili hili: sikio linafanya nini likipokea sauti moja mara mbili. Alichokuta ndicho sisi mafundi tunachokitumia mpaka leo. Sauti ya pili ikichelewa chini ya milisekunde 30 hivi, sikio halisikii sauti mbili. Linaziunganisha kuwa moja yenye nguvu zaidi, na linaamini kwamba sauti yote imetoka upande wa ile iliyotangulia. Ikizidi hapo mazungumzo yanaanza kutia ukungu, na ikipita kama 50 unasikia mwangwi kamili. Spika zako za Bluetooth ziko mbali sana nje ya mpaka huo. Tafadhali likumbuke neno hilo la iliyotangulia, kwa sababu ndilo litakalotatua kesi ya mama.

Utaniuliza, je, siwezi kuiambia Bluetooth iwahi? Huwezi. Hakuna kitufe duniani cha kuiwahisha sauti iliyokwisha kuchelewa. Kinachowezekana ni kuzichelewesha nyingine zote ziingoje ile ya mwisho. Ukiichelewesha saundiba kwa milisekunde 200, spika zitapatana, lakini sasa zote kwa pamoja zitakuwa nyuma ya picha.

Hapo kwenye picha, macho na masikio yetu yana uvumilivu wa upande mmoja. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, ya mwaka 1998 yanasema mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, ilhali ikichelewa hagundui mpaka ifike karibu 125. Sababu ni kwamba tumezaliwa tukiona vitu kabla ya kuvisikia. Simama ufukweni umtazame fundi wa jahazi aliye mbali akigonga msumari: nyundo imeshatua na imeshainuliwa tena ndipo mlio unakufikia. Hushangai. Lakini mlio ukija kabla nyundo haijatua, mwili wote unajua kuna jambo haliko sawa. Ndiyo maana mtangazaji wako anakukera: milisekunde 200 zimevuka hata upande ule wenye uvumilivu.

Ushauri wangu ni kuziondoa hizo mbili kwenye filamu na habari kabisa. Zipeleke jikoni au barazani, zitafanya kazi nzuri ya muziki. Kama zina tundu dogo la kebo ya sauti, unaweza kujaribu kuziunganisha kwa waya kwenye tundu la hedifoni la runinga, uchelewaji ule mwingi utaondoka. Ila angalia kwanza kama runinga yako hainyamazishi saundiba kebo ikichomekwa, maana nyingi hufanya hivyo. Na kama siku moja utanunua Bluetooth nyingine, ulizia ile ya kizazi kipya iitwayo LE Audio, iliyotokana na viwango vya mwaka 2020. Humo ndani umewekwa utaratibu wa kuziambia spika zote zitoe kipande fulani cha sauti kwa saa ileile. Bluetooth ya zamani haikuwa na wazo hilo, ilitengenezwa ikifikiria mtu mmoja na spika moja.

Nimesema saa, na hapo ndipo penye siri ya spika zisizo na waya.

Kila spika ina saa yake ndani, kipande kidogo cha kwazi kinachotetemeka na kuhesabu. Sauti ya filamu kwa kawaida imekatwa vipande vidogo sana viitwavyo sampuli, 48,000 kwa kila sekunde, na spika inazitoa moja moja kwa kufuata saa hiyo. Sasa hakuna kwazi mbili zinazolingana kabisa. Chukua spika mbili ambazo kila moja imekosea kidogo sana, sehemu 20 kati ya milioni, moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma. Moja itatoa kama sampuli 48,001 kwa sekunde, nyingine 47,999. Si kitu, sivyo? Lakini tofauti yao inajilimbikiza: milisekunde 2.4 kwa dakika, milisekunde 144 kwa saa moja. Mnaanza filamu spika zikiwa pamoja kama mapacha, na kabla haijafika nusu mnaanza kusikia mwangwi. Nimeona watu wakirudisha dukani spika nzima kwa kasoro hii, kumbe walikuwa wameanzisha wimbo mmoja kwenye simu mbili kwa kubonyeza pamoja, wakidhani huko ndiko kuoanisha.

Spika za ukoo mmoja, yaani zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja, hazifanyi hivyo. Mmoja wao, kwa kawaida saundiba yenyewe, ndiye mwenye saa, na wengine wote wanaifuata. Wanaifuata kwa mazungumzo ya haraka haraka hewani. Spika ya nyuma inatuma ujumbe na kuandika saa ya kuutuma. Saundiba inaandika saa ya kuupokea na saa ya kujibu, na spika inaandika saa jibu lilipofika. Kwa saa hizo nne spika inajua safari nzima imechukua muda gani, inaigawa kwa mbili, na hapo inajua saa yake imepishana kiasi gani na ya saundiba. Ni ujanja uleule unaoweka saa za kompyuta sawa kwenye intaneti, kwa kanuni aliyoiandika David Mills mwaka 1985, na ulioboreshwa kwa mitambo inayohitaji usahihi zaidi katika kiwango cha shirika la wahandisi, IEEE 1588, cha mwaka 2002. Kisha kila kipande cha sauti hutumwa kikiwa na maagizo: kipigwe saa fulani. Spika inayoona saa yake inakimbia hupunguza mwendo kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho sikio halitambui.

Kwa nini wajisumbue kiasi hicho? Kwa sababu kati ya masikio yako mawili, tofauti kubwa kabisa ya muda ambayo kichwa cha mtu mzima kinaweza kuleta ni kama milisekunde 0.7 tu. Ubongo unatumia tofauti hiyo ndogo kujua mtu anayekuita yuko kulia au kushoto. Spika ya kushoto ikiyumba kwa nusu milisekunde, mwimbaji aliyekuwa katikati anasogea pembeni. Ikiyumba mbele na nyuma, mwimbaji naye anatangatanga. Spika za nyuma zinaweza kusamehewa kidogo, lakini jozi inayopiga kulia na kushoto haina msamaha.

Hapo utaelewa kwa nini huwezi kuoanisha spika za makabila mawili. Si suala la nguvu wala bei. Hazina saa moja, na hakuna lugha ambayo zingeulizana saa ni ngapi.

Na mifumo ya muziki wa nyumba nzima, ile inayopiga wimbo mmoja jikoni na chumbani kwa pamoja bila kosa? Hiyo inajipa akiba kubwa. AirPlay ya awali, kwa mfano, ule mfumo wa Apple wa kurusha sauti bila waya, ilikuwa inachelewesha kama sekunde 2 ndipo ianze kupiga. Kwa muziki hakuna anayejali. Kwa filamu sekunde 2 ni janga, na ndiyo sababu saundiba nyingi hazitumi sauti ya spika za nyuma kupitia ruta ya nyumbani. Zinazungumza nazo moja kwa moja kwa redio yao wenyewe, mara nyingi kwenye masafa ya gigahezi 5, ambako kuna msongamano mdogo kuliko gigahezi 2.4 wanakogombania ruta, simu, na oveni ya maikrowevu. Kama spika zako za nyuma zinakatika katika, isogeze ruta mbali na saundiba, walau mita moja na nusu, na usiiweke spika nyuma ya tangi la samaki au kabati la chuma. Maji na chuma hula mawimbi.

Nije kwenye swali lako la mwisho, spika zinazojijua ziko wapi. Ni kweli, zipo. Sony walitoa HT-A9 mwaka 2021: spika nne zisizo na waya, kila moja ikiwa na vipaza sauti (maikrofoni) ndani yake vya kusikilizia wenzake. Mwaka 2023 Dolby walitangaza FlexConnect, wakianza na runinga za TCL, ambapo vipaza sauti vimo kwenye runinga na spika unaziweka popote unapotaka. Zote mbili zinapima kwa sauti, si kwa redio. Watu hushangaa, maana redio tayari imo ndani ya spika. Lakini redio inakwenda kasi ya mwanga. Ukikosea kuipima kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umekosea sentimita 30. Kwa sauti, ukikosea kwa milisekunde nzima, ambayo ni mara milioni zaidi, umekosea sentimita 35. Na kupima kwa nguvu ya redio ndiyo kabisa haifai: mtu mmoja akipita mbele ya spika, nguvu inashuka kana kwamba spika imehamia chumba kingine.

Nikuonyeshe jinsi spika mbili zinavyopimana, kwa sababu nikiwaeleza vijana wangu hapa karakana hili ndilo linalowafurahisha. Simama upande mmoja wa ua, kaka yako asimame upande wa pili, mita tatu na nusu kutoka kwako, umbali ambao sauti inautembea kwa milisekunde 10. Saa zenu hazilingani hata kidogo, na haidhuru. Wewe piga kofi. Sekunde moja baadaye kaka naye apige. Kila mmoja apime kwa saa yake muda kati ya makofi mawili kama yeye alivyoyasikia. Wewe kofi lako umelisikia papo hapo, na la kaka limesafiri milisekunde 10 kukufikia, kwa hiyo umepata milisekunde 1,010. Kaka kinyume chake: kofi lako lilimfikia likiwa limechelewa milisekunde 10, na lake amelisikia papo hapo, kwa hiyo amepata 990. Toa moja kwa nyingine: 20. Gawa kwa mbili: 10. Umbali umepatikana, na hakuna aliyemwuliza mwenzake saa ni ngapi. Spika hufanya hivyohivyo, ila badala ya kofi hutumia mlio unaopanda kutoka chini kwenda juu kama king'ora, kwa kuwa mlio huo hautambuliki vibaya hata kama jirani anapika na feni inazunguka.

Umbali ukijulikana kati ya kila spika na kila spika, ramani inajichora, kama vile ukijua urefu wa pande tatu unaweza kuchora pembetatu moja tu. Hapo pana mtego ambao wauzaji hawausemi. Ramani ya umbali peke yake haijui kulia na kushoto. Ichore kwenye karatasi nyepesi, igeuze karatasi upande wa pili, umbali wote uko vilevile na spika ya kulia imekwenda kushoto. Ndiyo maana mfumo huhitaji vipaza sauti zaidi ya kimoja kwenye kifaa, ili ujue sauti imetoka upande gani, au unakuuliza wewe: hii inayolia sasa ni ipi? Ukiulizwa swali hilo, inuka uende ukasikilize karibu. Usijibu ukiwa kwenye kochi kwa kukisia.

Mtego wa pili ni kuta. Mlio unaofika kwanza ndio wa njia iliyonyooka, lakini spika ikiwa imejificha nyuma ya kochi, ule uliogonga ukuta unaweza kuwa na nguvu zaidi, na mfumo ukaamini spika iko mbali kuliko ilivyo. Nyumba zetu za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo zinarudisha sauti sana. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mtetemo mkali kama chuma kinachotikiswa, tandika zulia au mkeka mkubwa mbele ya saundiba na ufunge pazia zito upande mmoja kabla ya kufanya kipimo chochote. Na zima feni.

Maoni yangu kuhusu spika hizi zinazojipanga ni kwamba zinasaidia sana kwa muda na kwa kiasi cha sauti. Hazisaidii spika iliyofunikwa na pazia au iliyotazama ukuta. Milio ya juu, ile ya herufi s na sh, inasafiri kwa kunyooka na inazuiwa na chochote, na hakuna hesabu ya kuirudisha. Kwa hiyo hata mwenye mfumo wa bei kali bado anapaswa kupanga. Wewe una saundiba yenye spika za nyuma, na unachohitaji ni futikamba na dakika arobaini.

Panga hivi. Saundiba ikae katikati chini ya runinga, ukingo wake uwe mbele kabisa ya meza, isirudishwe ndani. Spika za nyuma, kwa jinsi wahandisi walivyokubaliana kwa mpangilio wa 5.1 (spika tano na sabufa moja), hukaa kati ya nyuzi 100 na 120 ukihesabu kutoka runinga ilipo. Kwa maneno ya nyumbani: ukiwa umeketi ukitazama runinga, nyoosha mikono yako yote miwili pembeni kabisa, kisha irudishe nyuma kidogo. Vidole vinapoelekea, hapo. Si kwenye pembe za nyuma za chumba, na si juu ya kabati. Ziwe usawa wa masikio au juu yake kidogo, zikitazama kochi. Kama kochi lako limegusa ukuta, ziweke kandokando ya kochi badala ya kuhangaika kuzipeleka nyuma. Zinahitaji umeme, ndiyo, lakini nunua kebo ndefu ya ekstensheni uipitishe kandokando ya ukuta. Soketi isikupangie sauti. Sabufa haina masharti makali hivyo, kwa sababu besi ya chini ya hezi 80 ina mawimbi yenye urefu wa zaidi ya mita 4 na sikio halijui inatoka wapi. Iweke upande wa mbele, isikae kwenye kona ya chumba maana huko huvuma mno.

Kisha pima. Shika futikamba mahali kichwa chako kinapokuwa ukikaa, pima mpaka katikati ya saundiba, mpaka spika ya kulia, mpaka ya kushoto. Tuseme umepata mita 3.2 mbele, mita 1.1 kulia, mita 1.8 kushoto. Sauti ya mbele inakuchukua milisekunde 9.2, ya kulia 3.2, ya kushoto 5.2. Basi ya kulia inapaswa kusubiri milisekunde 6 na ya kushoto 4. Tafuta kwenye menyu ya saundiba mahali pa kuweka umbali au ucheleweshaji wa kila spika. Ikiuliza umbali, ipe umbali uliopima, hesabu itafanya yenyewe. Ikiuliza milisekunde, ipe 6 na 4. Wala usihangaike na joto la siku: tofauti kati ya nyuzi 20 na 30 kwa umbali huu ni sehemu mbili za kumi za milisekunde.

Kama saundiba yako ina kipimo cha kujiendesha chenye kipaza sauti chake, itumie, na ukiona kimeandika kwamba sabufa iko mita 6 wakati unaiona iko mita 3, usiirekebishe. Mashine haikukosea. Sabufa isiyo na waya ina uchelewaji wake wa ndani, na mfumo unauhesabu kama umbali kwa sababu kwake ni kitu kilekile.

Ukishaondoa zile za Bluetooth, mdomo wa mtangazaji utarudi mahali pake karibu kabisa. Ukibaki na tofauti ndogo, angalia kama runinga iko kwenye hali ya michezo ya video. Hali hiyo huharakisha picha, na sauti inaonekana imechelewa. Irudishe kwenye hali ya kawaida. Ukitaka ushahidi badala ya kukisia, tafuta video ya majaribio yenye mwako na mlio kwa pamoja, irekodi kwa simu kisha itazame picha moja moja. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 33. Hesabu picha kati ya mwako na mlio, utajua ulipo.

Nimebakiza mama, na kusema kweli yeye ndiye amekupa taarifa nzuri kuliko zote. Ving'amuzi vingi hutuma habari kwa sauti ya njia mbili tu, kulia na kushoto. Saundiba nyingi, zikipata sauti ya namna hiyo, huinakili kwenye spika za nyuma ili chumba kijae. Kwa hiyo msomaji wa habari anasema mbele na nyuma pia. Mama yuko karibu mno na spika ya nyuma ya kulia. Tuseme kiti chake kiko mita 0.6 kutoka kwenye spika hiyo na mita 3.6 kutoka kwenye saundiba. Ya nyuma inamfikia milisekunde 8.6 mapema. Hata baada ya ule usubiri wa milisekunde 6 uliouweka kwa ajili ya kochi, bado inamtangulia kwa 2.6. Na Haas ametuambia sikio linaamini iliyotangulia. Mama yuko sahihi kabisa: kwa masikio yake, msomaji yuko mgongoni.

Cha kwanza, wakati wa habari izime hali hiyo ya kunakili. Kwenye rimoti huitwa majina tofauti, lakini utaijua kwa sababu ukiizima spika za nyuma hunyamaza. Cha pili, ongeza milisekunde 10 kwenye spika zote mbili za nyuma, ya kulia iwe 16 na ya kushoto 14. Sasa saundiba inamfikia mama kwanza kwa milisekunde 7.4, na wewe kwenye kochi inakufikia kwanza kwa 10, wote wawili mkiwa chini sana ya mpaka wa mwangwi. Mafundi wa kumbi hufanya hivyo kwa spika za nyuma ya ukumbi, ili watu wa mwisho wasikie maneno karibu lakini waone yametoka jukwaani. Kama menyu yako inajua umbali tu, idanganye: iambie saundiba iko mita 6.7 badala ya 3.2, maana milisekunde 10 ni mita tatu na nusu. Kisha punguza spika ya kulia desibeli 3, na ukiweza isogeze hatua moja mbali na kiti chake.

Ukimaliza, usikae kwenye kochi kusikiliza. Muache mama kwenye kiti chake wakati wa taarifa ya saa mbili usiku, na umwulize msomaji yuko wapi. Akinyoosha kidole kwenye runinga, andika namba zote ulizoweka kwenye karatasi na uibandike nyuma ya saundiba, maana umeme ukikatika kwa muda mrefu baadhi ya vifaa husahau. Umeme ukirudi, washa saundiba peke yake kwanza, iache ikamilishe kuwaka, ndipo uchomeke spika za nyuma ziitafute saa yake.